Mkono wa Mzee Kombo na Magitaa Tisa

Juu ya jiriwa tunayobania mbao, ukutani, zinaning'inia mbao mbili za kipimo cha gitaa. Moja nyinyi vijana wa karakana mnaitumia kila wiki. Ya pili ina alama ya X iliyochorwa kwa mkaa, na wewe Hamza umeniuliza mara tatu kwa nini haitupwi. Mara zote tatu nilikujibu kwamba nina kazi. Sasa kazi sina. Ijumaa iliyopita mmeniaga kwa blanketi na keki, hotuba zikawa kubwa kuliko keki, na mimi nikaona aibu kuondoka bila kujibu. Neema amenipa daftari la mistari. Shule yangu iliishia darasa la tatu, kwa hiyo msihangaike na nukta zangu, someni maneno.

Kwa Fundi Zakaria sikwenda kutafuta kazi. Nilikwenda kuomba maranda ya kuwashia moto. Mume wangu Stefano alikuwa amefariki miezi minne nyuma, nyumbani nina Elia, Naomi na Samweli, na kuni za masika mnazijua, zinatoa moshi tu. Fundi alikuwa anapiga randa mlango. Hakuinua kichwa.

"Shikamoo Fundi. Naomba maranda."

"Marahaba. Maranda ni ya anayefagia."

Nikachukua ufagio, nikafagia karakana nzima, nikajaza gunia langu. Kesho yake nikarudi. Siku ya tatu akaniuliza jina la mtoto wangu wa kwanza, akaanza kuniita Mama Elia, na hapo nikajua nimeajiriwa. Barua ya ajira sijaiona mpaka leo.

Karakana ni hii hii ya nyuma ya soko, ila wakati ule mabati yalikuwa machache na mvua ilikuwa inaingia bila kubisha hodi. Mafundi walikuwa wawili. Zakaria alikuwa Mlutheri wa Mlalo, useremala alijifunza misheni, mtu wa maneno machache. Mwenzake, Hasani Mdoe, ndiye aliyepaka vanishi, na maneno ambayo Zakaria hakuyatumia aliyatumia yeye. Walitengeneza milango, mabenchi ya kanisa na majeneza. Magitaa waliyaingia kwa mlango wa nyuma, kwa kuunga yale ya makwaya yaliyovunjika. Kila kwaya huku milimani ilikuwa inataka gitaa, na kila mpigaji alikuwa akilisifia lile la zamani la kutoka ng'ambo, lenye tumbo pana na sauti nzito, ambalo hakuna kwaya ya wakulima wa kabichi ingeweza kulinunua. Zakaria akawa anasema, mbao tunazo, mikono tunayo, tunachokosa ni kuliona lenyewe kwa siku chache tu.

Kuhusu mbao nawakumbusha, maana Gerald juzi nimemkuta anapapasa ubao kama anachagua khanga. Uso wa gitaa ni msindano wa Shume, uliokauka ndani ya paa si chini ya misimu miwili. Ubavu na mgongo ni mkangazi. Shingo pia mkangazi, lakini ukate ule ambao nyuzinyuzi za mti wenyewe zinakwenda moja kwa moja. Daraja, pale nyuzi zinapoishia tumboni, ni mpingo. Mkulo msiutumie hata kama unanukia, utapiga chafya mpaka gundi ikauke. Na kile kimfupa chembamba kinachokaa juu ya daraja, kinachobeba nyuzi zote, ni mfupa wa paja la ng'ombe uliochemshwa na majivu. Kazi ya kuchemsha ilikuwa yangu. Majirani waliamini Mama Elia anakula supu kila siku, wakaacha kunipa pole ya ujane.

Basi, akaja Mzee Kombo. Alikuwa mpigaji wa dansi, Tanga na Muheza wote wanamjua, na binti yake Mwanaidi alikuwa ameolewa hapa Lushoto. Alikuja kumwona mjukuu, na gitaa alikuwa nalo, lile lenyewe la zamani, limechakaa kifuani mpaka rangi imekwisha. Mwanaidi alimwambia baba yake kwamba kuna fundi anatamani kuligusa. Mzee akaja nalo karakana. Zakaria na Hasani walikuwa wamepanda kufuata mbao. Nilikuwa mimi na ufagio wangu.

"Shikamoo baba. Mafundi wanarudi sasa hivi. Nikupe chai?"

"Marahaba mwanangu. Chai usiulize, lete."

Akakaa kwenye benchi la kanisa lililokuwa halijapakwa vanishi, akaanza kupiga. Nilirudi na kikombe nikasimama. Naimba sauti ya pili kwenye kwaya tangu nina miaka kumi na tatu, lakini sauti kama ile sikuwahi kuisikia kwa karibu. Kisha nikaona mikono yake. Mkono wa kulia ulikuwa shingoni, na uliokuwa unapiga nyuzi ulikuwa wa kushoto.

Nyinyi wa leo mtasema, halafu? Halafu ni kwamba kwetu mtoto akipeleka mkono wa kushoto kwenye sahani anapigwa kofi. Ukimpa mtu kitu kwa kushoto umemtukana. Mtu mzima aliyeshindwa kuuacha mkono wa kushoto hasemwi mbele yake wala nyuma yake. Nikaweka kikombe, nikageuza uso, nikatazama ukuta mpaka wimbo ukaisha. Hiyo ndiyo adabu niliyofunzwa na mama yangu Maria, na siku ile nilijiona nimelelewa vizuri.

Kabla mafundi hawajarudi mzee alikwisha fungua nyuzi zote, akazikunja kwenye leso. "Gitaa nawaachia wiki moja," akasema. "Nyuzi siachi. Hizi nimezifuata Mombasa." Akaenda zake kwa Mwanaidi. Zakaria alipoingia alikuta gitaa tupu mezani, akavua kofia.

Wiki ile hatukutengeneza hata jeneza moja, na kwa bahati nzuri hakufa mtu. Zakaria alilaza gitaa juu ya karatasi za mifuko ya saruji, akachora kwa penseli. Alipima kila kitu, unene wa mbavu kwa waya, nafasi ya kila chuma cha shingoni kwa rula ya misheni, na lile daraja pamoja na kimfupa chake. Kimfupa kile hakikusimama wima. Kilikuwa kimelala mshazari, upande mmoja umerudi nyuma kidogo, kama urefu wa punje ya mchele. Zakaria aliutazama mshazari ule kwa heshima. "Wazungu hawa hawafanyi kitu bure," akasema, akaunakili hivyo hivyo.

Halafu akafika juu, kwenye mfupa mwingine ule wa kichwani, ambao nyuzi zinapita katika vifereji sita. Akauinamia. "Hasani, hebu ona. Mbona kifereji kipana kiko upande huu? Uzi mnene si unakaa upande ule?"

"Limezeeka, mgosi mwenzangu," Hasani akasema. "Hata meno yangu yamehama."

Zakaria akageuka. "Mama Elia, mzee alipiga hapa. Hukuona kitu?"

Nilikuwa nimeshika ufagio. Nakumbuka mpaka rangi ya maranda yaliyokuwa miguuni kwangu, mekundu ya mkangazi. Nikafungua mdomo. Nikamwona kichwani Mzee Kombo, baba mtu mzima, na mimi mfagiaji namsemea mkono wake mbele ya wanaume. Nikasema, "Nilikuwa jikoni, Fundi."

Akarudi kwenye kazi. Vifereji vya kichwani akavikata kama anavyojua yeye, kwa mkono wa kulia. Mshazari wa chini, kwa kuwa hakuujua, akauacha kama alivyoukuta. Siku ya saba Mwanaidi akaja kuchukua gitaa la baba yake.

Zakaria akahamishia michoro ile kwenye ubao, nasi tukatengeneza magitaa tisa kwa kipimo kile. Nawatajia yalikokwenda. La kwanza Mlalo kwa Mwalimu Elifasi, la pili Mponde kwa Yusufu Singano, la tatu Soni kwa Katekista Danieli, la nne Bumbuli kwa ndugu wawili, Petro na Paulo, waliogombana kulibeba. La tano Mtae kwa Mama Rebeka, la sita Malindi kwa Joeli mwenye duka, la saba na la nane Mlola kwa Ayubu na kwa Rajabu wa harusi, la tisa hapa hapa mjini kwa Mzee Tito. Kila lilipotoka, Zakaria aliliaga kwa kulipigapiga mgongoni kama ng'ombe aliyeuzwa. Kila moja tulilijaribu kwa nyimbo za kwaya, ambazo vidole havipandi juu shingoni, na yote yaliimba vizuri. Watu wakaanza kusema, ukitaka la ng'ambo kwa bei ya kwetu, nenda kwa Zakaria.

Kisha Mwalimu Elifasi akateremka kutoka Mlalo, gitaa limefungwa kwenye blanketi. Alikuwa mpole, akasalimia wote, akauliza habari za watoto mmoja mmoja. Mimi nikajua kuna jambo.

"Fundi, mimi sina ugomvi," akasema. "Kwaya zetu zilikutana. Chini tulikwenda vizuri. Kijana wetu Frenki akapandisha vidole juu shingoni, na gitaa likaenda kwake na kwaya ikaenda kwake. Watu walicheka, Fundi. Mtu mmoja akauliza kama tumekuja na mbuzi."

Hasani hakutania. Zakaria akalipokea gitaa, akabana uzi mnene katikati ya shingo, kwenye chuma cha kumi na mbili. Pale sauti inatakiwa iwe ile ile ya uzi mtupu, ila imepanda juu. Ilipitiliza. Akabana uzi mwembamba. Ule ukapungua. Akaleta rula akapima vyuma vyote upya, kila kimoja kiko mahali pake. Akapima tena. Akavua miwani akaifuta, akapima mara ya tatu.

"Ni macho," akasema taratibu. "Macho yangu yamekwisha na sikujua. Nimewauzia watu tisa upofu wangu."

Mwalimu akamwambia usiseme hivyo Fundi, lakini yalikwisha semwa. Asubuhi iliyofuata nilikuta mbao za majeneza zimetolewa nje kama zamani, na Zakaria amekaa kwenye kigogo na shoka, ubao wa kipimo cha gitaa uko mbele yake.

"Huu utachemshia uji," akaniambia. "Kuanzia leo majeneza. Jeneza hata likipinda, mwenyewe harudi kulalamika."

Nyinyi hamkumjua Zakaria. Mtu yule alikuwa akiamka kabla ya jogoo kwa sababu ya magitaa. Na sasa alikuwa anaamini kwamba mikono yake imekufa, wakati mimi nilikuwa na kitu mdomoni tangu siku ya chai. Bado sikujua kama ndicho kilichoharibu. Nilijua tu kwamba aliniuliza na nikamdanganya.

"Fundi, usikate."

"Kwa nini?"

"Mzee Kombo anapiga kwa kushoto."

Shoka likabaki juu. Hasani akatoka ndani na brashi yake inadondosha vanishi kwenye kiatu, hajali. "Nani kasema?"

"Mimi niliona. Kwa macho yangu. Sikuwa jikoni."

Kisha Zakaria akainuka, akaenda kuchukua gitaa la Mlalo, akampa Hasani. "Geuza nyuzi. Nene ziende kwenye nyembamba." Hasani akazigeuza, nyuzi nene zikakaa juu juu kwenye vifereji visivyo vyao, lakini zikakaa. Akalishika kinyume, kama mama anayebebeshwa mtoto wa jirani, akapiga uzi mtupu kwa mkono wa kushoto. Akabana cha kumi na mbili.

"Imba, Mama Elia," Zakaria akasema.

Nikaimba ile ya uzi mtupu. Gitaa likajibu, na zote mbili zikakaa pamoja, hakuna kinachotetemeka katikati. Uzi wa pili hivyo hivyo. Wa tatu. Hasani akaanza kucheka, akasema, "Mgosi, wewe si kipofu. Umenakili vizuri mno. Umenakili mpaka mkono!"

Mshazari ule, kama mzee mwenyewe alivyonieleza baadaye, ulikuwa umegeuzwa na fundi wa Tanga zamani sana, kwa ajili ya mkono wa mzee. Uzi mnene unataka kurudi nyuma kidogo, mwembamba unataka kusogea mbele. Magitaa yetu tisa yalikuwa na nyuzi za mkono wa kulia juu ya daraja la mkono wa kushoto.

Zakaria hakucheka. "Nilikuuliza," akaniambia.

"Uliniuliza."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje, Fundi? Mzee wa watu, nimtaje mkono?"

Nilikwisha kunja khanga yangu, maana nilijua ufagio nimeuacha. Akaingia ndani, akarudi na patasi ndogo, ile ya mpini wa mgrevilea ambayo sasa ni ya Neema.

"Hata mimi nisingesema," akasema. "Shika. Magitaa tisa hayo utayatengeneza wewe."

Sikuwahi kushika patasi. Alinifundisha siku nne kwenye vipande vya mpingo vya kutupa. Kwanza unajaza mfereji wa zamani, ule wa daraja unaokaliwa na kimfupa, kwa kipande chembamba cha mpingo na gundi, unauacha usiku kucha, unausawazisha mpaka ukucha haukwami, kisha unakata mfereji mpya wenye mshazari sahihi. Mpingo hausamehi. Ukisukuma kwa bega unapasuka, unasukuma kwa kiganja tu, na pumzi unaitoa, huibani. Nilianza na la Mlalo, Mwalimu Elifasi akiniangalia kama namtoa jino. Nikamwambia kwa mdomo wangu kosa lilikuwa la nani. Niliwaambia wote. Zakaria alisema hiyo ni sehemu ya kazi, kama msasa.

Nilizunguka mwezi mzima na kikapu cha vifaa. Mtae Mama Rebeka alinilaza na kunipa viazi vya kurudi navyo. Bumbuli Petro na Paulo waligombana tena. Mponde, Yusufu Singano alikataa kabisa.

"Mama Elia, sisi tunapiga huku huku chini. Masikio yetu yamezoea. Ukilinyoosha sasa, kwaya yote itapotea."

Gitaa lile liko vile vile hadi leo. Nimelisikia mwaka jana kwenye mazishi. Yusufu naye hakuwa amekosea sana.

Muheza niliteremka mwisho, bila kutumwa. Mzee Kombo alikuwa barazani anamenya chungwa, kisu mkono wa kushoto. Safari hii sikuangalia ukuta. Nikamwamkia, nikamweleza yote, toka chai mpaka mbuzi. Alicheka mpaka chungwa likaanguka.

"Mmeniheshimu mpaka mkaharibu magitaa tisa?" akasema. "Mwanangu, mama yangu alinifunga mkono huu kwa kipande cha kaniki mwaka mzima. Ulipofunguliwa ukaenda moja kwa moja kwenye gitaa. Mngeuliza tu. Mimi kuulizwa sijawahi. Watu hugeuza uso."

Neno hilo la kugeuza uso alilisema bila ubaya. Mimi ndilo nililorudi nalo mlimani.

Tangu hapo ndipo ilipoanza desturi yenu ya karakana mnayoiona ya kawaida. Mteja akifika, kabla ya mbao na kabla ya umbo, anaulizwa jina, anakotoka, na mkono anaopigia. Zakaria aliagiza hivyo mpaka alipoacha kazi, na mimi nikaendelea. Zilipokuja besi, yale magitaa ya sauti nzito, kwa nakala za zile za zamani za umeme, tuliuliza hivyo hivyo. Ya kwanza tuliichonga kwa mvule mzima, na mpigaji, Daudi, aliirudisha akisema ameagiza gitaa na amepewa kitanda. Tukajifunza kuchimba vyumba ndani ya ubao. Mengine ya besi mnayajua kuliko mimi, nyaya zile sikuzipenda na zenyewe hazikunipenda.

Sasa ubao wa X. Zakaria hakuukata siku ile. Aliuchorea alama akautundika, na miaka yote haukutumika hata mara moja, kwa sababu wateja wote walijibu "kulia". Nilikuwa nashangaa. Watu wa milima yote hii, hakuna mmoja?

Mwezi uliopita, Neema alikuwa ametumwa posta, Hamza na Gerald mko nyuma na mashine, akaingia mama kutoka Soni na binti yake, Tatu, wa miaka kumi na mitano. Amefaulu, wanataka kumpa gitaa. Nikauliza jina, nikauliza wanakotoka, nikauliza mkono.

"Kulia, Bibi," mama akajibu haraka. "Andika kulia."

Tatu alikuwa ameukalia mkono wake wa kushoto. Ameuweka chini ya paja kabisa, kama mtu anayeficha kitu cha kuiba.

Zamani ningeandika kulia. Nikachukua gitaa la jaribio kutoka ukutani, nikalegeza nyuzi, nikazigeuza, kazi ya robo saa, na mama akiniuliza Bibi kuna tatizo? Nikamwambia hakuna. Nikampa Tatu.

"Lishike unavyotaka wewe."

Akamtazama mama yake. Kisha mkono ukatoka chini ya paja. Alipiga vitu viwili vitatu vya kanisani, taratibu, lakini hata kidole kimoja hakikukosea. Alikuwa amejifunza mahali, kwa siri, kwa gitaa la mtu, kinyumenyume. Nikamwangalia mama mtu. Alikuwa amegeuza uso, anaangalia ukutani, pale pale nilipoangalia mimi.

"Mama Tatu," nikamwambia, "hapo ukutani mimi nimekwisha paangalia. Hapana kitu. Mtazame mtoto."

Alichelewa, lakini akageuka.

Gitaa la Tatu ndilo la mwisho nililotengeneza. Lile mlilofikiri Bibi amechanganyikiwa analikata kwa kipimo kibovu, na Gerald akanong'ona kwamba ndiyo sababu nastaafu. Nilisikia, Gerald. Masikio yangu bado. Daraja lake halikuhitaji kunyooshwa hata unywele, Zakaria alipima sawasawa. Nimeufuta ule X kwa kitambaa cha maji, ila mkaa wa miaka mingi hautoki wote, kwa hiyo bado mtauona kidogo. Ubao wenyewe uacheni ukutani hapo hapo, ila ushusheni kidogo, mahali ambapo mtu mfupi anaufikia.